Dakika ya 77

Mimi ni shabiki wa Manchester United kwa njia ya ndoa. Siku nilipopeleka ujumbe wa mahari kwa wakwe zangu upande wa Bungoma, mazungumzo yalikwama kwenye ng'ombe wa nane. Mulamwa wangu, ndugu wa mke wangu, alikuwa ameketi mlangoni na jezi nyekundu yenye jina la Rooney mgongoni. Akaniuliza mbele ya wazee, "Na wewe, ni wa timu gani?" Nilitazama jezi, nikatazama upande wa ng'ombe, nikajibu. Ng'ombe wakabaki saba. Tangu siku hiyo nimeteseka na klabu hiyo kwa uaminifu wa mtu anayelipa deni.

Kwa bahati mbaya mulamwa alitufuata huku Endebess tunakoishi kulima mahindi, kwa hiyo siwezi hata kuhama timu kimyakimya.

Hapa kwetu mpira tunautazamia bandani. Ni jengo la mabati, mabenchi ni mbao za mkaratusi, na kwenye benchi la tatu kuna msumari ambao umetambuliwa na suruali zote za mtaa. Mchezaji akivunjika mguu kule Uingereza, mwenzetu mmoja huchanika hapa. Nje kuna ubao ambako ratiba huandikwa kwa chaki, na chini yake kiingilio. Kwa miaka mingi kiingilio cha mechi kubwa kilikuwa shilingi 30.

Mlangoni alikaa kijana mmoja tuliyembandika jina la Fergi, kama kocha Ferguson wa United, si kwa sababu ya kutafuna chingamu tu, bali kwa kudumu kazini. Fergi alikuwa na daftari. Kama huna pesa aliandika jina lako, ukaingia, ukalipa mahindi yakiuzwa. Alijua nani aketi wapi ili shabiki wa Arsenal asipigane na wa Chelsea, na rimoti aliifunga kwa mpira wa bendi kwenye mkono wake wa kushoto kama saa. Utawala wake ulikuwa wa amani.

Kisha Novemba 2024 yakatupata mawili kwa mpigo. Huko Manchester walikuwa wamemfuta Erik ten Hag mwishoni mwa Oktoba na kumleta Ruben Amorim kutoka Sporting ya Lisbon. Huku Endebess mwenye banda alisoma lile daftari kwa mara ya kwanza, akamfuta Fergi, akamleta dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Huyo tunamwita Madam. Hakuna aliyeamua tumwite hivyo, ilitoka tu midomoni siku ya kwanza, sote tukiwa tumesimama.

Madam alikuja na muhuri. Ni muhuri wa mpira uliobaki kutoka duka la nafaka lililofungwa, umeandikwa IMELIPWA, na wino wake ni wa zambarau. Unalipa, unanyoosha mkono, unapigwa chapa kama ndama. Daftari la mikopo alilifunga kwa kamba na kulitundika ukutani tulione. Jumapili yake ya kwanza akafuta ile 30 kwenye ubao na kuandika 50, lakini chaki ya zamani haikutoka vizuri, kwa hiyo 30 yetu tuliiona ikitabasamu chini ya 50 kama marehemu kwenye picha.

Ajabu ni kwamba siku hizohizo Manchester United nao walikuwa wametangaza kwamba tiketi za wanachama za mechi zilizobaki msimu ule zitakuwa pauni 66, mtoto na mzee wote bei moja. Kabla ya mechi ya Everton, Desemba mosi, mashabiki wakaandamana nje ya Old Trafford. Mulamwa alipiga hesabu kwenye simu: zaidi ya shilingi 10,000. Hizo ni karibu magunia matatu ya mahindi, kutegemea broka ameamkaje siku hiyo.

"Wanatunyonya!" mulamwa akasema, akapiga benchi.

Nilimkumbusha kwamba sisi hatujawahi kununua tiketi ya Old Trafford. Safari ya mbali zaidi tuliyofanya kwa ajili ya mpira ni ile ya kwenda Uwanja wa Sudi, Bungoma, wakati Nzoia Sugar walipokuwa bado ligi kuu, kuwatazama wakicheza na Ingwe, yaani AFC Leopards. Tiketi ilikuwa 200, nauli ya Endebess hadi Kitale, Kitale hadi Webuye, Webuye hadi Bungoma ikameza mara tatu ya hiyo, na tulipofika mulamwa alitumia kipindi kizima cha kwanza akiuliza watu matokeo ya Manchester.

"Hiyo si hoja, Katibu," akanijibu. Mimi huitwa Katibu kwa sababu ninaandika kumbukumbu za chama chetu cha kuweka akiba. Mwandiko wangu mzuri umeniponza maisha yangu yote, na uliniponza tena hapo, kwa kuwa ilikubaliwa kwa sauti moja kwamba niandike barua ya malalamiko.

Niliiandika kama tulivyofundishwa shule ya msingi: anwani mbili, tarehe, kisha MINT: KUPANDISHWA KWA KIINGILIO, nikapiga mstari kwa rula. Nikaeleza kwamba mashabiki wa dunia nzima wamechoka kunyanyaswa na wenye mali, nikataja pauni 66, nikamtaja hata bwana Ratcliffe, aliyenunua zaidi ya robo ya klabu mapema mwaka huo. Barua ilirudi kesho yake. Madam alikuwa ameipitia kwa kalamu nyekundu. Makosa manne ya tahajia, moja la upatanisho wa ngeli, na chini kabisa: "Hoja zina uzito. Mwandiko wapendeza. Kiingilio ni 50."

Tukaenda kwa mwenye banda mwenyewe. Huyu ni mtu wa takwimu. Alituambia kumfuta meneja ni gharama, kwamba Manchester walitumia zaidi ya pauni milioni 10 kuachana na Ten Hag na wasaidizi wake, basi sisi tulidhani yeye Fergi aliondoka bure? Alimpa jogoo na magunia mawili. Mulamwa alipojaribu kuleta habari za uaminifu wa mashabiki, mwenye banda akammaliza: "Ferguson aliwachukulia ligi mara 13, na Oktoba hii wametangaza kumkatia malipo yake ya ubalozi. Kama Ferguson amekatwa, wewe wa benchi la tatu ni nani?"

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia. Mwalimu huyu, si Madam, ni wa Liverpool, na watu wa Liverpool wana historia kwa kila jambo. Akatusimulia kule kwa kinyozi kwamba Februari 2016 wenye Liverpool walitangaza tiketi ya juu ya pauni 77, na mashabiki kama 10,000 wakasimama dakika ya 77 ya mechi ya Sunderland, wakatoka. Siku chache baadaye wenye klabu wakaomba radhi na kurudisha bei ilikokuwa, pauni 59.

"Na mechi iliishaje?" akauliza Mzee aliyekuwa akinyolewa.

Mwalimu akakohoa. Liverpool walikuwa wakiongoza 2–0 watu walipotoka. Iliisha 2–2.

Mzee akacheka hadi kinyozi akasimamisha mashine. Yeye ni wa Ingwe tangu enzi za Abaluhya. "Sisi tulichukua kombe la klabu la CECAFA mwaka 1982, 1983 na 1984," akasema, "na hakuna aliyetoka kabla ya firimbi." Ligi Ingwe waliichukua mara ya mwisho 1998, lakini ukimtajia Mzee mwaka huo hutazama dirishani kana kwamba kuna mtu anamwita.

Tukaamua. Jumapili, Desemba 15, Manchester City dhidi ya United, saa moja unusu usiku. Ikifika dakika ya 77 banda zima linasimama, linatoka, linamwacha Madam na runinga yake. Walioinua mikono walikuwa 31. Nilihesabu mwenyewe na kuandika kwenye kumbukumbu. Kwa kuwa mimi ni Katibu, ilikubaliwa pia kwamba nitasimama wa kwanza.

Siku hiyo banda lilijaa mpaka watu wakakalia madebe. Kila mmoja alikuja na zambarau yake mkononi. Amorim alikuwa amewaacha Rashford na Garnacho nje kabisa ya kikosi, na mjadala huo pekee ulitosha kuezua mabati. Mulamwa alisema huyu Mreno na walinzi wake watatu ametumwa na City. Mtu wa Arsenal akamhesabia kwa vidole makocha wa United tangu 2013, wa kudumu na makaimu, Moyes, Giggs, Van Gaal, Mourinho, akamaliza vidole vyote kumi kwa Amorim na kusema mara ijayo atavua viatu. Dakika ya 36 Gvardiol akafunga kwa kichwa. Kimya. Ule msumari wa benchi la tatu ukapata mtu.

Nikaanza kutazama saa ya kwenye kona ya runinga badala ya mpira. Sabini na tano. Sabini na sita. Moyo ulinidunda kama niko kwenye alama ya penalti. Ilipoandika 77:00 nikasimama, nikavuta koti, nikasema kwa sauti ambayo niliifanyia mazoezi nyumbani, "Wenzangu, wakati umefika!"

"Kaa chini, unaziba!" mtu akajibu kutoka nyuma.

Nilitoka. Nilitoka bila kugeuka, kwa sababu kiongozi hageuki, na pia kwa sababu niliamini nasikia viatu nyuma yangu. Vilikuwa vyangu mwenyewe, sakafu ya banda inarudisha sauti. Nje baridi ya Mlima Elgon ilikuwa imeshuka sawasawa. Nikasimama kando ya barabara ya Suam, mikono kwapani, nikiwangojea watu 30.

Baada ya dakika kama tano za kumngojea mtu ambaye huenda anafunga kamba za viatu, nilisogea kwa kijana wa mutura, ile soseji ya matumbo. Mtu akisimama peke yake gizani huonekana mwizi, lakini akiwa na mutura huonekana mteja. Kijana ni msafi, sifa zimwendee. Ana mtungi wenye bomba na kipande cha sabuni. "Nawa kwanza, mkubwa," akaniambia. Nikanawa vizuri, mpaka kwenye viwiko. Akanikatia ya 40, akaweka chumvi na pilipili kwenye ubao. Nilikuwa nimetia kipande cha pili mdomoni mabati yalipolipuka.

Penalti. Dakika ya 88, Bruno Fernandes.

Nilikimbia na mutura mkononi. Mlangoni Madam alikuwa amekalia kiti chake, tochi kwenye paja.

"Muhuri."

Nikanyoosha mkono. Akaumulika mbele, akaumulika nyuma, akageuza kiganja kama mpiga ramli. Mkono ulikuwa umetakata.

"Madam, ni mimi Katibu. Nimetoka sasa hivi."

"Ninakujua. Ndiwe wa barua. Mtu aliyekuwa ndani ana muhuri, asiye na muhuri hakuwa ndani. Hamsini."

Nilikuwa na noti ya 100. Madam ni mtu wa haki, hawezi kukukalia chenji yako. Akaweka tochi chini ya kidevu, akafungua pochi, akaanza kuhesabu sarafu za kumi moja moja kwenye kiganja changu chenye mafuta ya mutura. Kumi. Ishirini. Moja ikateleza, ikaanguka, tukainama wote wawili kuitafuta, mgongo wangu ukiwa umeelekea runinga. Ni hapo, mnamo dakika ya 90, Amad Diallo alipompita kipa na kufunga la pili. Hilo nalo sikuliona. Nilichoona ni sarafu ya shilingi kumi chini ya kiti cha Madam, na vumbi.

Nilipoinuka banda zima lilikuwa juu ya mabenchi. Mulamwa alikuwa amembeba Mzee wa Ingwe, ambaye wala si wa United. Marudio yalipoonyeshwa nilitazama shingo ya mtu wa Arsenal kutoka pembe tatu tofauti.

Wiki nzima nilidai maelezo. Mulamwa alisema alikuwa njiani kusimama. Mwalimu akadai nilitoka dakika ya 76 na sekunde kadhaa, kwa hiyo mgomo ulikuwa batili. Mzee ndiye pekee aliyenijibu kiume. "Liverpool walipotoka walikuwa wanaongoza," akasema. "Ukitoka huku unafungwa, mjukuu wangu, hauitwi mgomo. Unaitwa kuumia."

Mke wangu alipiga hesabu yake: mlango 100, mutura 40. Akaniuliza tulikuwa tunapinga nyongeza ya shilingi ngapi. Ishirini, nikamwambia. Hakusema kitu, akaenda kuchota maji, na nilimsikia akicheka mpaka kisimani.

Amorim naye alifutwa Januari 2026. Mtu wa Arsenal alivua viatu kweli bandani, ikabidi tufungue mlango. Fergi siku hizi ni wa boda boda kwenye barabara ya Kitale, na bado anakopesha. Kiingilio ni 50. Madam yuko palepale mlangoni, ila wino ameubadilisha: huu mpya ni mweusi, na hautoki kwa sabuni.