Jinsi ya Kufungua Makao Makuu ya Serikali Bila Kuwa na Serikali

Kwanza, usiunde serikali. Serikali ina gharama, halafu ina bunge linalouliza maswali. Fungua kampuni. Sir William Mackinnon, Mskoti mwenye meli, alilijua hilo: mwaka 1887 Sultani Barghash wa Unguja alimpa kuuendesha ukanda wa pwani kuanzia Mto Umba hadi Kipini, na Septemba 1888 Malkia Victoria akaipa kampuni yake ya IBEA hati ya kifalme. Sasa una bendera, una ushuru wa forodha, na una wenye hisa Uingereza wanaongojea gawio. Hao ndio raia wako.

Ofisi weka Shimoni, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya. Mombasa nao watadai makao makuu ni ya kwao, waachie. Hapa Kisiwa cha Wasini kinakukinga na mawimbi, meli inatia nanga bila wasiwasi. Wavumba, wenyeji uliowakuta, usiwaulize kitu.

Kwenye ujenzi usijitie ujuzi. Kuba na nguzo za marumaru ni za watu wenye nchi yao. Chukua mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa papo hapo na boriti za mikoko. Kuta ziwe nene, madirisha yatazame bahari, ili kila ajaye umwone kabla hajakuona. Ufundi wote ni wa Waswahili. Sifa, bila shaka, ni za Kampuni. Kisha jenga gereza, wala usikawie. Shule itangoja, zahanati itangoja; mwizi wa embe hangoji.

Ukiishiwa fedha, na utaishiwa, uza. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi, Kampuni ikaondoka na pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka kwenye hazina ya Usultani wenyewe, fedha ulizolipwa na Wajerumani kwa pwani yake ya kusini. Yaani mwenye nyumba amlipe mpangaji ahame, halafu nyumba apewe mtu mwingine. Jirani yako wa Gazi, Mbaruk bin Rashid, akishika bunduki wakati huohuo, mvumilie: mwaka 1896 atavuka mpaka aende kwa Wajerumani.

Baada ya hapo acha paa lianguke. Mji mkuu utahamia Nairobi, na hata wakubwa wa kaunti watakaa Kwale, juu mlimani. Shimoni utabakiwa na magofu, na watalii watayapita haraka kwenda kwenye pango la watumwa, ambako wanakijiji hutoza kiingilio. Senti ya kiingilio hicho haifiki London. Mwenye hisa asiyeridhika aandike barua ya malalamiko, aielekeze kwa Kampuni.