Mwongozo wa Kuchagua Riwaya Itakayoibwa

Mwalimu wa Kiingereza, mwaka huu omba jambo moja tu: kuibiwa. Ukifungua kabati mwezi wa Novemba ukakuta nakala zote 40 zimepangika, safi, hazina hata kona iliyokunjwa, ujue ulichagua vibaya. Nimefundisha hapa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, miaka mingi, na sijapata kipimo cha kweli kuliko hicho. Fuata hatua hizi.

Kwanza, anza na masikio. Shule zikitoka, kaa bustanini Mnazi Mmoja usikilize vijana wanasimuliana nini: deni, mapenzi, mama wa kambo, mjomba aliyeahidi ada kisha akazima simu. Riwaya isiyogusa hata kimoja kati ya hivyo iache dukani, hata kama imesifiwa vipi.

Pili, pima kimo cha msomaji. Mtoto wa kidato cha kwanza katoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili, na leo karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Usimtwishe gunia. Mpe Hawa the Bus Driver ya Richard Mabala: mwanamke kashika usukani wa basi. Mtoto anayegombania daladala kila asubuhi hakosi neno hapo. Akifika kidato cha tatu, mpe Unanswered Cries ya Osman Conteh. Binti wa miaka 14 huko Sierra Leone anakataa kukeketwa, mpaka kesi inafika mahakamani. Darasa litagawanyika, na watabishana kwa Kiingereza bila kulazimishwa.

Tatu, tafuta njia wanayoikanyaga. M.G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, alitoa Uhuru Street mwaka 1991. Ni hadithi fupi za barabara hiihii inayotoka Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, ambayo zamani iliitwa Kichwele. Wasomee hadithi moja, kisha watoe nje mkaitembee barabara yenyewe. Wakirudi, waonyeshe riwaya yake, The Gunny Sack.

Nne, usikionee haya Kiswahili. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka nyumbani na tajiri anayemwita ami, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Kidato cha tano niliwasomea mwanzo kwa Kiswahili. Kijana mmoja, ambaye jioni hupima vitenge dukani kwa mjomba wake, akanyanyuka bila kunyoosha mkono: "Mwalimu, kwani hajui kama yeye ndiye malipo ya deni?" Nikafunga Peponi, nikamkabidhi Paradise. Jibu lilikuwa humo.

Tano, vijitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa kando ya njia vipige marufuku mpaka riwaya iishe. Anayeanza na orodha ya dhamira hana tena cha kungojea. Soma kurasa tano kwa sauti, funga kitabu panapouma, toka. Kama hakuna anayekufuata barazani kuuliza "Halafu?", badilisha kitabu kesho yake.

Mwisho, kikiibwa usichape mtu wala usiite wazazi. Subiri. Nakala yangu moja ya Paradise ilipotea muhula mzima. Siku moja nikaikuta juu ya meza yangu, imevikwa jalada la karatasi ya kufungia bidhaa, mgongo umelegea. Pembeni mwa kurasa, maana za maneno magumu zilikuwa zimeandikwa kwa penseli, kwa hati tatu tofauti. Sikuuliza ni akina nani. Niliirudisha kabatini, na kabati sikulifunga.