Kifungu cha Kumwagilia Hakipo

Mimi ni mpangaji. Nyumba si yangu, kiwanja si changu, na hata mwembe ulioko uani mwenye nyumba ameshanionya nisiuzoee. Lakini kila mwezi nikinunua umeme, LUKU inanikata shilingi 1,500 za kodi ya majengo. Jengo lake, makato yangu. Nilimfuata nikamkumbusha kwa adabu kwamba kodi hiyo ni ya mwenye mali. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa baba, mita anaitumia nani?" Nimeendelea kulipa.

Zamani kodi hii ilikuwa riziki ya halmashauri. Afisa alikuja na kitabu cha risiti, mwenye nyumba akajifungia chooni, watoto wakafundishwa kusema baba amesafiri. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamia TRA, mwaka 2021 ukaingizwa kwenye mita, kwanza kwa shilingi 1,000, na miaka miwili baadaye zikaongezwa 500. Choo sasa hakisaidii kitu. Hata ukihamia kwenye kibatari miezi mitatu, siku unayorudi kununua umeme deni lako unalikuta linakusubiri pale pale. Kwa kweli mfumo wa kukusanya siulaumu. Katika mifumo yote iliyowahi kuniumiza, huu ndio unaofanya kazi. Hela ikipanda haikutani na foleni, wala na mtu wa kuiambia njoo kesho.

Kinachonikera ni namna inavyoshuka.

Mtaa wetu hapa Dar es Salaam una mtaro. Ulijengwa kwa zege, ukazinduliwa kwa utepe, na kibao cha marumaru chenye jina la mgeni rasmi kipo mpaka leo. Kibao ni kisafi kuliko mtaro, kwa sababu vijana wa bodaboda wanakikalia. Tangu utepe ukatwe, sijaona koleo likiingia mle kwa gharama ya serikali. Ukichungulia utakuta mchanga umekaribia ukingo, juu yake viroba, pampasi, chupa za maji, nusu ya godoro la sita kwa sita na, kwa sababu nisizozifahamu, mlango wa friji. Masika ikianza, maji ambayo mtaro uliahidi kuyapeleka mtoni unayaleta sebuleni kwetu. Halmashauri yenyewe sitaitaja. Nina maombi ya kibali ofisini kwao, na watoto wangu bado wadogo.

Mambo haya nayajua kwa karibu kwa kuwa mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliagiza kamati za mazingira ziwepo mpaka ngazi ya kijiji, mtaa na kitongoji, na mtaa wetu unaheshimu sheria. Nilichaguliwa siku ambayo sikuhudhuria mkutano. Wajibu tuliopewa ni mwingi na wa maana. Vifaa vya kazi ni kaunta buku moja ya kwaya mbili, nayo nilinunua mwenyewe.

Basi kwenye mkutano wa wakazi mwenyekiti akasimama, akatutuliza. "Ndugu wananchi, suala la mtaro msiwe na wasiwasi. Tumeshauibua."

Kwa wasiojua, mradi hauanzi, huibuliwa. Ukishaibuliwa mtaani unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako unakaa benchi moja na zahanati, matundu ya vyoo vya shule na kalvati la mtaa wa pili, ambako diwani anakaa. Ukinusurika hapo unapanda kwa wataalamu wa halmashauri, wanauweka kwenye mpango, halafu ukomo wa bajeti unashuka kutoka Hazina na kukuta mpango ni mrefu kuliko ukomo. Kinachofuata ni mkasi. Yaliyobaki yanapita Baraza la Madiwani, yanakwenda mkoani, yanakwenda TAMISEMI Dodoma, yanaingia bungeni, wabunge wanapiga makofi, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza.

Jirani yangu, mzee fundi cherehani, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Julai wanazibua?"

Mwenyekiti akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, Julai inaanza bajeti. Fedha ni jambo lingine."

Na kweli ni jambo lingine. Julai hamna kitu, Septemba hamna kitu, Desemba unaambiwa robo ya pili inafungwa. Machi masika inaingia bila kuuliza tuko robo ya ngapi. Halafu fungu linashuka mwishoni kabisa, na hapo kunazuka mbio ambazo hata mitume hawakuzionyesha, maana fedha isiyotumika mpaka tarehe 30 Juni hurudi Hazina. Mwezi wa Juni halmashauri zetu huwa na afya ya ajabu. Greda linalala barabarani, kokoto zinamwagwa usiku, wazabuni wanasaini huku wanatembea. Juni moja hata sisi wajumbe wa kamati tulikumbukwa: tuliitwa ukumbini tukapigwa semina ya udhibiti wa taka, kila mmoja akiwa na chupa mbili za maji za plastiki mbele yake. Mada ya tatu ilihusu chupa za plastiki.

Mzee fundi ndiye mwenye kumbukumbu ndefu kati yetu. Anakumbuka mwaka 1972 serikali ilipozifuta halmashauri, shughuli zote zikawekwa mikononi mwa mikoa na wilaya, tukaambiwa madaraka yamepelekwa mikoani. Miji ikaachwa bila mwenyewe. Taka zikajaa, mitaro ikaziba, kipindupindu kikapiga, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa haraka. Za wilaya zilingoja mpaka 1984. Mzee huwa anahitimisha kwamba halmashauri ya mjini ilifufuliwa na kipindupindu, kwa hiyo mtu anayeacha mtaro wetu uzibe hajui anacheza na nini. Wanahistoria wana maelezo marefu zaidi, ila sidhani kama yana mtaro.

Tuje kwenye miti, ambako mimi nimeumia zaidi.

Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Halmashauri za Tanzania Bara ni 184, kwa hiyo hesabu ya nchi ni miti milioni 276. Ya kwetu nimeigawa kwa kikokotoo cha simu: ni zaidi ya miti 4,100 kwa siku, ukiweka na Idi na Krismasi. Kwa halmashauri yenye mapori, sawa. Sisi wa mjini, ambao nyumba na nyumba zimeachana upana wa mtu aliyekaa kiubavu, tutaipanda wapi, sijui, labda juu ya mabati. Lakini agizo ni agizo, na Siku ya Taifa ya Upandaji Miti ni tarehe 1 Aprili. Tarehe hiyo walioichagua nina hakika hawakuwa na nia mbaya.

Mwaka mmoja, siku hiyo, tulikusanyika shule ya msingi. Hema lilikuwepo, viti vimevalishwa vitambaa na kufungwa riboni nyuma, spika mbili kubwa kama kabati, mshereheshaji, bango lenye picha ya mgeni rasmi anayetabasamu na picha ndogo ya mche. Fulana ziligawiwa, yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la tano. Mgeni rasmi alitarajiwa saa mbili, akafika saa tano na nusu, akakuta shimo limeshachimbwa, udongo umeshalainishwa, mwarobaini umeshaondolewa kwenye kiriba, na kopo la kumwagilia limefungwa utepe. Akaweka mche, akaugusa udongo kwa kidole, akapigwa picha kutoka pande zote za dunia. Watoto waliokuwa juani tangu asubuhi wakaimba. Kisha akahutubia kwa kirefu kuhusu umuhimu wa kivuli, na yeye alikuwa chini ya hema.

Miche ilipandwa kweli, tena mingi, na mvua za Aprili na Mei zikaibeba. Juni mvua ikakata. Na maji ya shule yalikuwa yamekatwa kabla yake, kwa deni. Nikamfuata mtendaji wa mtaa, binti mmoja mchapakazi ambaye simwonei wivu hata kidogo.

"Mtendaji, shikamoo kazi. Ile miti nani anamwagilia?"

"Mjumbe, kifungu cha kupanda kilikuwepo, tumekitumia. Kifungu cha kumwagilia hakipo."

"Basi tuombe."

"Tutaomba. Mwaka ujao wa fedha."

"Itakuwa imekufa."

"Ndiyo," akasema, bila utani wowote, "kwa hiyo tutaomba na ya kupanda mingine."

Mpaka Agosti mbuzi walikuwa wamemaliza kazi ambayo jua liliianza. Ulibaki mti mmoja, wa mgeni rasmi, kwa sababu mlinzi wa shule aliuzungushia miiba na kuupa maji yake ya kunawia, asije mkubwa akarudi kuuliza. Hajarudi. Kwenye taarifa ya halmashauri miti yetu yote ipo, hai na kamili, kwa kuwa jedwali lina safu ya miti iliyopandwa, na miti iliyopandwa haifi.

Ukitazama vizuri, kila kitu cha mazingira mtaani kwetu kina fedha ya kuanza na hakina fedha ya kesho yake. Mtaro una ya kujenga, hauna ya kuzoa mchanga. Mapipa ya taka tuliletewa, yana nembo, gari la kuyamwaga halikuwemo kwenye mradi. Pipa moja sasa ni la mama lishe, anahifadhia maji, na walau ndilo linalotumika kila siku. Uzinduzi unapigwa picha. Nani atampiga picha kibarua na koleo lake Jumanne ya tarehe 14?

Pengo lote hilo linazibwa na sisi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi maduka yanafungwa asubuhi, tunatoka na fagio na reki kuzibua mtaro, tunaurundika uchafu ukingoni vizuri kabisa, na mvua ya kwanza inaurudisha ndani. Gari la kuuchukua, tunaambiwa, halina mafuta. Tuchange. Nilipohoji, nikijitetea kwamba nimeshalipa kodi ya majengo ya nyumba isiyo yangu na ada ya taka ambazo hazizolewi, nikajibiwa kwamba hizo ni vyanzo tofauti. Mfuko ninaotolea mimi ni uleule mmoja, wa suruali.

Nisiseme kwamba hakuna panapowezekana. Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyotunza msitu wa Ntakata vinalipwa kwa biashara ya hewa ukaa, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Angalia wanacholipwa: hawakulipwa kwa kupanda mti mbele ya kamera, wanalipwa kwa sababu mti uliokuwepo bado umesimama. Nilipomsimulia mzee fundi, akanusa upepo uliokuwa unatoka mtaroni, akauliza kama hewa yetu nayo ina mteja.

Sasa niombe. Maandalizi ya bajeti ya mwaka ujao huanza miezi ya mwisho wa mwaka, si Juni. Mwenyekiti wako akiitisha mkutano, ndugu msomaji, nenda, hata kama mpira upo. Dai kwanza msomewe mapato na matumizi, ni haki yenu. Wakifika kwenye mazingira, waache waibue kila kitu kinachoibulika, halafu simama uombe viwili tu: ndoo za maji za mwaka mzima kwa miti iliyopo, na vibarua wa kuzoa mchanga wa mtaro kabla ya Machi. Usikae chini mpaka katibu aviandike. Na usikose kabisa kuhudhuria, maana wasiokuwepo ndio wanaochaguliwa kwenye kamati.