Mbwa wa Bure, Bili ya Nani?

Msimu wa kuhama ukifika Masaki na Mikocheni, mbwa hugawiwa pamoja na mapazia na sufuria. Anayepokea hutajiwa sifa tele: mpole, anapenda watoto, tena hali sana. Hiyo ya kutokula, waheshimiwa, ndiyo ilistahili maswali mawili matatu.

Wiki ya pili mnyama kalala, fizi zimempauka, na daktari wa mifugo anasema homa ya kupe. Moja ya homa hizo, erlikia, ina adabu zake: huweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, bila kubisha hodi. Tiba ni vidonge vya doksisaiklini kwa takriban wiki nne, mbali na vipimo vya damu. Sasa mpigie mwenyewe wa zamani. Juzi alikuwa "mama yake Simba", akimkabidhi kwa machozi, leo hamjui. "Lakini si nilikupa bure!" Kweli, bure kabisa: mbwa, kupe na deni, na wala hakudai nauli.

Mbwa akivunjika mguu kwako, lipa, usimsumbue mtu. Lakini kupe walionona kwenye zulia la mwenzio hawawi wako kwa sababu tu ulisema asante.

Ugonjwa uliohama na mbwa ulipwe na aliyemhamisha. Nawe kabla ya kushika kamba, dai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na kipimo cha damu, kwa gharama ya mtoaji. Akinuna, mwachie mbwa wake.