Jinsi ya Kwenda Dar Wikendi na Kurudi Bila Kuiona

Kuna watu wanaodhani safari ya wikendi na marafiki kwenda Dar es Salaam ni ya kuiona Dar. Hao hawajawahi kusafiri na marafiki. Mimi nimekwenda mara nne kutoka Dodoma na kundi lilelile, na ninakuhakikishia kwamba ukijipanga vizuri, unaweza kukaa mjini siku mbili na usione kitu. Fuata maelekezo.

Anza na kundi la WhatsApp. Lifunguliwe mwezi mzima kabla, waingizwe watu kumi na tisa, na wote waandike "Nipo". Siku ya kutuma mchango ndipo utakapojua nani ana semina, nani ana msiba na nani simu yake imeingia maji. Wakibaki saba, mshukuru Mungu. Kati ya hao mchagueni mweka hazina aliye mpole, kwa sababu hela itakayotumika ni yake.

Kisha mpateni Mwenyeji. Kila kundi linaye: alisoma cheti Dar mwaka 2009, akapanga chumba Manzese, na anaamini mji umekaa unamsubiri. Msimbishie. Atawaambia mshuke mataa ya Ubungo, mahali ambapo tangu 2021 pana barabara za juu za ngazi tatu. Atawaambia mabasi ya mikoani yako hapo hapo ng'ambo, nayo yalishahamia Mbezi mwaka huohuo. Mtu asithubutu kufungua ramani kwenye simu. Ramani ikisema kushoto, Mwenyeji huona ametukanwa, na mtu aliyetukanwa lazima abembelezwe, na kubembeleza kunakula nusu saa.

Usafiri wenyewe ndio wenye utata. Tangu treni ya SGR ilipofika Dodoma, Julai 2024, safari iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi imekuwa ya saa tatu na ushee. Saa zote hizo zilizookolewa mtatafuta pa kuzipoteza. Halafu treni ina tabia moja mbaya: inaondoka. Basi lilikuwa na utu. Ulimpigia kondakta, ukasema "niko hapa sheli, nakuja", naye akamshikilia dereva. Treni ya umeme utampigia nani? Kwa hiyo yule rafiki ambaye husema "niko njiani" huku sabuni iko kichwani, mdanganyeni muda. Wa kwetu tulimdanganya kwa saa nzima. Akafika zimebaki dakika tano, jasho linamtiririka, akatununia hadi Morogoro kwamba tunapenda kuharakisha watu.

Mkishafika, laleni lodge ya Sinza, watu saba vyumba viwili, bafu moja. Asubuhi ya Jumamosi itajipoteza yenyewe.

Saa sita semeni mnapitia Kariakoo mara moja. Neno "mara moja" ndilo la muhimu. Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hadi leo hakuna anayeingia pale akatoka mikono mitupu. Mtaitwa bosi, mtaitwa shemeji, mtaitwa "mtoto mzuri njoo ujaribu tu". Mmoja atanunua viatu, mwingine atamwambia ameibiwa, wote watarudi dukani kugomba. Wawili watapotea. Mtapigiana simu, "uko wapi?", "niko kwenye duka la mapazia", na ninyi mmezungukwa na maduka ya mapazia pande zote nne.

Mkikutana tena, bado mna mchana mzima mikononi. Hapa ndipo inapohitajika silaha kubwa: shangazi.

Lazima mmoja wenu awe na shangazi Mbagala, na shangazi awe amesikia kwamba mpo mjini. Kwenda Mbagala hamkupanga, lakini nani atakayemwambia shangazi hivyo? "Tunapita tu kukusalimia, shangazi." Mtaingia na kilo mbili za zabibu zilizopondeka tangu Kariakoo, mtatoa shikamoo saba, mtaitikiwa marahaba saba, kila moja na swali lake: wewe mtoto wa nani, umeoa, kwa nini umekonda hivyo, Dodoma hakuna chakula? Soda zitaagizwa dukani kwa Mangi. Mkinyanyuka kuaga mtaambiwa kuku ameshachinjwa. Mkiuliza kama ataiva upesi, mtaambiwa ni wa kienyeji, yaani mkae chini. Nasema kweli, wali ule wa nazi ni kitu bora kuliko vyote nilivyokutana navyo Dar, na mara zote nne nimeula huku Mwenyeji akitazama saa na kusema tungekuwa Kigamboni sasa hivi. Kigamboni sijafika. Nimeambiwa pantoni inavuka kwa dakika chache tu.

Coco Beach mtaipata usiku. Nunueni mihogo ya kukaanga, yenye kachumbari na pilipili ya kutoa machozi, mkae mgongo kwa bahari, kwa maana picha haipendezi mtu akigeukia maji. Hakuna atakayeogelea: mwenye nywele mpya hataki, mwenye simu mpya hataki, na mweka hazina amekalia mikoba ya watu sita. Bahari itasikika. Inatosha.

Jumapili ni ya mahesabu. Mweka hazina atatoa karatasi, ataonekana anadai elfu nane ya bajaji, na kila mtu atakumbuka kwamba ile bajaji yeye hakupanda. Mkimaliza kubishana ni muda wa treni, na yule wa sabuni kichwani yuko bafuni.

Jumatatu ofisini watakuuliza, "Vipi, Dar kukoje?"

Vuta kiti, jifute uso kwa leso kama mtu anayekumbuka mengi, kisha sema: "Aisee, joto."