Sifa za Kunguru Mwenye Ukungu

Chombo ninachotaka kukisifu hurusha dadu moja. Vyombo vingine mezani vinarusha mbili, tatu, vyenye mizinga mizito hata nne, zinachacharika kama korosho kwenye ungo. Chenyewe kinarusha moja. Inabingirika peke yake mpaka kwenye kisahani cha chai, nasi tunainama kuisoma kama wazazi wanaotafuta jina la mtoto mvivu kwenye orodha ya waliofaulu.

Kinaitwa HWK-290. Ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, cha mchezo wa mezani wa X-Wing ambao kampuni ya Fantasy Flight Games ya Marekani iliutoa mwaka 2012. Kwa kanuni za toleo la kwanza, kila mchezaji anaunda kikosi cha pointi 100, anakitandaza kwenye meza ya futi tatu kwa tatu yenye mawe ya angani ya kadibodi, na vita vya Star Wars vinaanza. HWK ilikuja mwaka 2013. Mpwa wangu aliporudi kutoka masomoni na boksi zima la vyombo hivi, alijichagulia vya Dola, vyembamba vyenye mabawa makali, akaniachia mimi vya waasi. Nilipochomoa hiki alicheka. "Mjomba, na hiki nacho ni chombo?"

Swali la haki kabisa. Kadi yake ina namba nne: shambulio 1, wepesi 2, bodi 4, ngao 1. Hakina uwezo wa kugeuka nyuma ghafla kama wenzake. Kikikupita kimekupita, kinarudi kwa kuzunguka, kama lori lililokosa njia panda. Rubani wake Kyle Katarn, akiwa mtupu bila mapambo yoyote, anagharimu pointi 21. Kwa pointi hizohizo 21 unapata chombo cha X-wing cha rubani mwanagenzi chenye shambulio 3, na uimara wa jumla ni uleule, mapigo matano. Mwenye hesabu zake hana haja ya kuendelea kusoma.

Mimi hesabu sikuzipenda hata shuleni, kwa hiyo naendelea.

Herufi HWK zikitamkwa kwa Kiingereza zinatoa jina la ndege mwindaji, jamii ya mwewe. Waliokiunda walitaka mwewe. Lakini cha aina hiyo kilichopata umaarufu, kile cha Kyle Katarn katika mchezo wa kompyuta wa Dark Forces wa mwaka 1995, kinaitwa Moldy Crow, yaani kunguru aliyeota ukungu. Na kazi yake katika mchezo ule haikuwa vita. Mwenzake Kyle, bibie Jan Ors, alikuwa akimshusha mahali pa hatari, anaondoka, kisha anarudi kumchukua kazi ikiisha. Kazi ya bodaboda hasa, ila bila kofia ya ziada. Ndicho chombo ambacho watu wazima walikaa wakakitafutia nafasi kwenye uwanja wa vita.

Sisi wa Pwani tunamjua kunguru. Mweusi huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ale taka. Akala taka, akamaliza, akaanza vifaranga, akavuka bahari bila nauli. Ametegwa, amewekewa sumu, na asubuhi bado yuko juu ya paa la bati anakupigia kelele. Anayemdharau ndege huyu hajawahi kuanika dagaa. Mimi nilishaanika, ndiyo maana nilipoliona jina hilo kwenye kadi sikucheka.

Kwenye kadi ya HWK imechorwa ngao moja. Ya pili haikuchorwa, nayo ndiyo kubwa: hakuna anayetaka kukipiga. Mpinzani ana vyombo vitatu, kila kimoja kinapiga mara moja kwa raundi, na mbele yake kuna marubani mashuhuri wa waasi, kuna Luke Skywalker, kuna Wedge Antilles, halafu kuna hiki. Nani atatupa raundi nzima kwa bodaboda? Mpwa wangu hakuitupa. Kwa miezi kadhaa alikiruka kama mgeni wa harusini anayeruka kachumbari kufuata nyama, na kwa miezi hiyo Kunguru alikula.

Alikula vipi? Msione mzaha, hii ni elimu.

Kila chombo kinapomaliza kusogea kinapata tendo moja. Rubani anaweza kuchukua tokeni ya umakini, inayogeuza alama za jicho kwenye dadu kuwa mapigo, au afunge shabaha ili arudie kurusha dadu zilizokosa. Kimoja tu, ukitaka vyote viwili subiri raundi ijayo, kama utaiona. Sasa Kyle Katarn, mapigano yanapoanza, ana ruhusa ya kumpa rafiki aliye karibu tokeni yake moja ya umakini. Kwa hiyo Wedge anafunga shabaha mwenyewe, umakini unaletwa na Kunguru, na dadu zake tatu nyekundu za kupiga karibu zote zinakuwa damu. Tena Wedge akipiga, anayepigwa anapunguziwa dadu moja ya kukwepa. Aliyeuawa anamlaani Wedge. Kunguru kanyamaza pembeni, anajisafisha manyoya.

Ukimlipia pointi 3 za jina lake la Moldy Crow, tokeni ambazo wenzake wanazirudisha kila mwisho wa raundi yeye haziachii. Ukimpakia na mtaalamu wa upelelezi, pointi 3 nyingine, kila tendo la umakini linampa tokeni mbili badala ya moja. Anarundika. Raundi ya nne ana kichuguu cha tokeni za kijani ubavuni, nami nimekuwa nikizipanga kwa rundo kama muuza nyanya. Mfungie na mzinga wa kuzunguka wa pointi 4, unaokula tokeni moja kila unapolia, na yule wa dadu moja sasa anapiga dadu tatu upande wowote anaotaka. Jumla pointi 31. Najua, Wedge mwenyewe ni 29. Tulishakubaliana kuhusu hesabu.

Jan Ors ana ukarimu wa namna nyingine. Rafiki yake akitaka kupiga, Jan anajitwika tokeni ya msongo ili mwenzake aongezewe dadu. Msongo huo unamnyima tendo lolote mpaka apige mwendo mwepesi wa polepole kuutoa, na kwenda polepole hakuhitaji kufundishwa. Huyu namwita shangazi wa kikosi. Roark Garnet, pointi 19, anamteua mwenzake mmoja kila raundi ahesabiwe kuwa na ujuzi wa 12. Marubani bora kabisa wana 9, na mwenye ujuzi mkubwa ndiye anayepiga kwanza. Mwanagenzi wako aliyeanza kazi asubuhi anampiga jemadari kabla jemadari hajanyanyua mkono. Nimemwona mpwa wangu akiisoma kadi ya Roark mara tatu, akaigeuza na nyuma, kama kwamba kule kungekuwa na rufaa.

Lakini siku ninayoisimulia kwa kila anayekubali kikombe cha pili ni ya rubani asiye na hata jina. Kadi inamwita tu mtumishi wa waasi: pointi 16, ujuzi 2. Nilimfungia mzinga wa ayoni wa pointi 5. Mzinga huu ni wa aibu kidogo. Piga dadu tatu, hata zote zikimpata mwenzako, unamwondolea pigo moja tu. Ila unamwachia tokeni ya ayoni, na raundi inayofuata chombo chake kidogo hakichagui njia. Kinasukumwa mbele hatua moja, basi.

Mpwa wangu alikuwa na Soontir Fel kwenye TIE Interceptor, kipenzi chake, dadu tatu za kupiga na tatu za kukwepa. Mpige huyo kwa dadu moja kavu ya Kunguru, naye asiwe na tokeni yoyote: dadu inapata nusu ya nafasi, dadu zake zote tatu zinashindwa kukwepa chini ya robo ya nafasi, kwa hiyo unampata mara moja katika nane. Fel alikuwa amepita pembezoni mwa meza kuja nyuma ya Luke, pua yake ikielekea nje, sentimita tano kutoka ukingoni. Alikuwa na hakika ya kukata kona raundi ijayo. Akampiga Luke, akatamba. Akapiga kila mtu mwenye jina. Wa mwisho kabisa, ujuzi 2, akapiga mtumishi. Dadu tatu nyekundu, mapigo mawili. Za kijani za Fel, za kukwepa, zikatoka macho na weupe mtupu, na tokeni yake alikuwa ameshaitumia kwa kujigamba.

Raundi ikafuata. Kipimo cha hatua moja kina urefu wa sentimita nne, na kitako cha chombo nne nyingine. Mpwa wangu alikiweka kipimo, akakitoa, akakiweka tena taratibu. Kitako cha Fel kikachungulia nje ya meza sentimita tatu nzima, na chombo kikitoka nje kimekufa. Hakuna risasi ya pili. Jemadari wa Dola, mwenye kadi ya dhahabu, amesukumwa nje na bodaboda.

Wajuzi wana pingamizi lao: Kunguru akibaki peke yake ni mkiwa. Ni kweli, wala sibishi. Akibaki peke yake ni mjane kwenye kituo cha basi. Kwa hiyo usimpeleke mbele, isipokuwa kwa kazi moja. Wenye ujuzi mdogo husogea kwanza. Mtangulize basi asimame kwenye mlango kati ya mawe mawili. Mpinzani atakayemgonga anapoteza tendo lake, na vyombo vilivyogusana havipigani. Amesimama tu, hana kosa. Baada ya hapo mwondoe. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na ubawa wenyewe kwenye kadi ni mapigo matano.

Mwaka 2024 walioumiliki mchezo wakatangaza kwamba hawauendelezi tena. Vilivyopo ndivyo vilivyopo. Nilidhani habari hiyo ingemtuliza mpwa wangu, kumbe ilimtuma kwenye maboksi ya mitumba. Mwezi uliopita alikuja Ijumaa na kikosi cha wahalifu, akanifungulia kiganja. Ndani kulikuwa na HWK nyingine, na rubani wake ni Palob Godalhi. Huyo, kila mapigano yanapoanza, anamnyang'anya adui wa karibu tokeni moja ya umakini na kuitia mfukoni.

Tulichinjana kuanzia Magharibi. Wedge akafa, Luke akafa, majambazi yake nayo yakafa. Mezani vikabaki viwili: Roark wangu na Palob wake, wote wawili watupu, kwani sote tulibana pointi na hakuna aliyenunua mzinga. Vikazunguka jiwe moja. Nachukua tokeni, ananyang'anya. Ananipiga dadu moja, jicho, anaigeuza kwa tokeni yangu mwenyewe, nakwepa. Ananipiga dadu moja, jicho, anaigeuza kwa tokeni yangu mwenyewe, nakwepa. Tunazunguka tena.

Saa nne usiku mke wangu akaja kuondoa vikombe, akauliza ni nani anashinda. Mpwa wangu aliinama akaitazama meza kwa muda, kisha akaniambia nichukue tokeni, maana zamu ilikuwa yangu.