Namna ya Kuusoma Mchoro wa NMR kwa Mtoto wa Bashay, Mbulu

Kwanza, mdogo wangu, ponda punje moja ya kitunguu swaumu. Ikiwa nzima hainuki sana. Ukiiponda, kimeng'enya kinakutana na aliini, na papo hapo inazaliwa alisini, ile harufu tuliyokuwa tukienda nayo shule kwenye sweta. Watafiti Cavallito na Bailey walipoitenga mwaka 1944, NMR ya kuisomea, yaani upimaji wa mwangwi wa viini vya atomi ndani ya sumaku, haikuwepo. Wanafizikia Bloch na Purcell waliripoti mwangwi wa viini vya haidrojeni, mmoja katika maji na mwingine katika nta, mwaka 1946. Wewe umeikuta tayari.

Ukifika kwenye mashine, acha simu na funguo mlangoni. Ile sumaku hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na haina urafiki na chuma.

Mchoro ukishatoka, uweke mezani na usiupe jina. Hapo ndipo wengi huanguka: wanajua wametia alisini kwenye neli ya sampuli, basi wanaona alisini kila pembe. Mnunuzi anayeingia shambani na bei yake mfukoni hauoni ukubwa wa kitunguu. Tafuta kwanza wageni. Kilele cha 7.26 ppm ni cha klorofomu, kiyeyushi chako. Cha sifuri ni cha TMS, kemikali inayotiwa kuwa mwanzo wa kuhesabia. Waamkie, upite.

Kabla ya kitunguu, jizoeze kwa ethanoli, ile ya kwenye pombe. Mwaka 1951 Arnold, Dharmatti na Packard waliona ndani yake vilele vitatu vyenye maeneo ya 1, 2 na 3: haidrojeni ya OH, za CH2 na za CH3. Kwa mashine za leo vilele hivyo vinapasuka. CH3 ina majirani wawili, inatoa mistari mitatu. CH2 ina majirani watatu, inatoa minne. Hesabu majirani, ongeza mmoja. Haidrojeni haikwambii habari zake tu, inakutajia na wanaokaa nyumba ya pili. Kwetu hilo halina ugeni: ukiuliza boma la mtu liko wapi, utaambiwa amepakana na nani.

OH mara nyingi husimama peke yake, kwa kuwa haidrojeni yake haitulii, inahama kutoka molekuli hii kwenda ile. Dondosha tone la maji mazito, yale yenye haidrojeni nzito isiyoonekana kwenye mchoro huu, tikisa, pima tena. Kilele kimetoweka! Naipenda hatua hii kuliko zote, maana hapo hukisii tena. Umeuliza swali na molekuli imekujibu.

Sasa rudi kwenye kitunguu. Alisini ina haidrojeni 10. Pima maeneo, utapata 2, 4 na 4. Zile 2 za karibu na 5.9, na 4 zilizo kati ya 5.1 na 5.5, zinakaa kwenye kaboni zilizoshikana kwa bondi mbili. Huko usihangaike kuhesabu mistari; majirani hawafanani, kila mmoja anavuta kwa nguvu yake, na mistari inapandana. Shika eneo na mahali, inatosha.

Zile 4 za mwisho, karibu na 3.8, ndizo za kukaa nazo. Zimepakana na salfa, na salfa mojawapo imebeba oksijeni. Vitunguu swaumu vya Mbulu huondoka kwa magunia na sisi tunavijua kwa kilo. Natamani sana mtoto wa kwetu avijue mpaka hapa, mpaka kwenye oksijeni hii moja.

Ukikuta kundi hilo limeshuka hadi karibu na 3.3, usiilaumu mashine. Sampuli imekaa mno, alisini imevunjika, na unachokisoma ni daialili disalfaidi. Ponda punje nyingine, ibebe kwenye barafu, na safari hii usisimame njiani.